Goti halina shahidi

Ukitaka kujua nani amezijenga nyumba mpya za Goba, Madale na Kibada, jijini Dar es Salaam, angalia magoti ya mafundi. Fundi vigae huingia kazini nyumba ikiwa imeshaezekwa na kupigwa lipu, wenzake wengi wameshalipwa na kuondoka. Hupiga magoti kwenye kona ya mwisho ya sebule, akaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni: anapaka gundi, analaza kigae, anakigonga kwa nyundo ya mpira, anaweka pimamaji, anasogea. Kutwa nzima uzito wake umelalia vilegesambwa, ile mifupa miwili ya mbele ya magoti, na chini yake ni zege tupu. Wapo wanaokunja kipande cha boksi wakakipigia magoti, wapo wanaokata sponji ya godoro kuukuu. Wengi hawaweki kitu, maana kusogeza boksi kila baada ya kigae kunakula muda, na fundi hulipwa kwa mita za mraba, halipwi kwa saa.

Miaka inapita. Ngozi ya magoti inakuwa nene na ngumu. Baadaye goti linavimba kwa mbele, ukiliminya unahisi maji. Asubuhi linakuwa zito kukunjuka. Halafu siku moja fundi anataka kusimama, goti linakwama katikati, halikunjuki wala halikunjiki, na mwenzake analazimika kumshika mkono. Jioni atakuambia ana baridi yabisi. Mkewe atasema ni jongo, apunguze nyama. Jirani atasema umri huo, mzee. Atanunua diklofenaki duka la dawa, atachuliwa, atarudi saiti. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyetaja kazi.

Hapo ndipo fidia ya kuumia kazini inapopotea. Haipotei mezani kwa mthamini wala mahakamani. Inapotea nyumbani na kwenye zahanati ya mtaa, pale mtu anapokubali kuyaita maumivu ya kazi kwa jina lingine.

Kiwandani mashine ikinasa kidole, kila mtu anaona. Kuna damu, kuna kelele, kuna saa iliyosomwa ukutani, kuna wenzake waliomkimbiza hospitali. Hakuna mwajiri atakayesema kidole hicho kilikatikia nyumbani. Goti huumia tofauti. Linaweza kuharibika kwa hatua moja mbaya ambayo hakuna aliyeiona, au kwa miaka kumi ya kupiga magoti ambayo kila mtu ameiona na hakuna aliyeihesabu. Kwa nje mguu ni mzima. Anayeumia anatembea, ingawa anachechemea. Na mtu anayechechemea, kwa mazoea yetu ya kazini, ni mtu anayetega.

Mashabiki wa mpira wanalijua goti kuliko mabosi wa saiti. Mchezaji akianguka peke yake, hajaguswa na mtu, akashika goti, jukwaa zima linapoa. Watu waliokaa pale juani, ambao hawajasoma udaktari, wanajua kano ya mbele ya goti imekatika na wanajua ni miezi mingi nje ya uwanja. Klabu itatoa taarifa. Kutakuwa na kipimo cha MRI, upasuaji, mazoezi ya viungo, na makadirio ya tarehe ya kurudi. Yule ni mfanyakazi mwenye mkataba aliyeumia goti kazini, na hivyo ndivyo mfanyakazi aliyeumia goti anavyopaswa kutunzwa. Kuli aliyeteleza kwenye ubao wa lori Kariakoo ana kano zilezile, ila kwake hakuna taarifa ya klabu.

Tulitazame goti lenyewe, kwa sababu asiyejua linavyofanya kazi hawezi kulitetea. Ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, mahali mfupa wa paja unapokutana na muundi, na kilegesambwa kikiwa mbele kama ngao. Mifupa hiyo haikushikana yenyewe. Imefungwa kwa kano nne kubwa, mbili ubavuni na mbili zinazopishana katikati. Baina ya paja na muundi kuna gegedu mbili zilizopinda mfano wa mwezi mwandamo, ambazo kazi yake ni kupokea uzito na kuusambaza. Unapopanda ngazi goti hubeba takriban mara tatu ya uzito wako. Ukiongeza mzigo begani, hesabu inapanda. Ukichuchumaa mpaka chini, gegedu hizo hubanwa upande wa nyuma. Ukigeuka ghafla ukiwa umekunja goti na unyayo umekaza chini, zinaweza kuchanika.

Jambo moja kuhusu gegedu hizo lingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya mkandarasi. Sehemu yake ya ndani haipati damu. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichanika huunga, lakini gegedu ikichanika upande wa ndani haiungi. Kwa hiyo ule msemo wa "pumzika siku mbili tatu utakuwa sawa" unaweza kuwa kweli kwa msuli uliovutika, na ukawa uongo kabisa kwa goti. Mtu anapumzika, uvimbe unashuka, anarudi kubeba, na kila akibeba anaongeza mchaniko.

Kuna na balaa la pili. Kipimo kinachopatikana kwa urahisi ni X-ray, na X-ray huonesha mifupa. Gegedu iliyochanika haionekani humo, kano iliyokatika haionekani humo. Mfanyakazi anarudi na majibu yaliyoandikwa kwamba hakuna mfupa uliovunjika, msimamizi anasoma na kusema: "Unaona? Huna tatizo." Wenzake wanaanza kumcheka. MRI ndiyo inayoona tishu laini, nayo hupatikana hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako madaktari pia huingiza kamera kwa tundu dogo wakatengeneza kilichoharibika ndani ya goti. Kati ya X-ray ya wiki ya kwanza na MRI ya mwezi wa tatu ndipo madai mengi ya goti yanapofia.

Mfuko upo

Tanzania Bara kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Kabla ya hapo tuliishi na sheria ya tangu ukoloni, ambayo kiwango chake cha juu cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000. Mtu alipoteza mguu akalipwa pesa isiyotosha kodi ya chumba ya miezi michache. Anayeusema vibaya Mfuko wa leo aikumbuke hiyo laki moja na elfu nane.

Mchango wote anatoa mwajiri. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi asilimia 0.6 Julai 2021, kisha 0.5 Julai 2022, sawa na sekta ya umma. Mwenye wafanyakazi kumi wanaolipwa shilingi 600,000 kila mmoja huchangia shilingi 30,000 kwa mwezi kwa wote kumi. Kumkata mfanyakazi mshahara ili kulipia mchango huo hakuruhusiwi, na kutojisajili ni kosa kisheria. Kwa kiasi hicho, mkandarasi anayewaacha vijana wake nje ya Mfuko hana cha kujitetea mbele yangu.

Msingi wa fidia hii ni kwamba haiulizi nani mwenye kosa. Huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alizembea wala kwamba ngazi ilikuwa mbovu. Unachotakiwa kuonesha ni kwamba uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Wazo hilo si geni: Ujerumani ya Bismarck iliweka bima ya ajali za kazini mwaka 1884, na nchi baada ya nchi zikafuata. Mfanyakazi anaacha kumshitaki mwajiri wake, naye anapata malipo ya uhakika bila kusubiri hukumu.

Kwa aliyeumia goti mafao yako hivi. Matibabu hugharimiwa kwa hadi miaka miwili tangu ajali, na muda huo huweza kuongezwa ikionekana tiba zaidi itapunguza ulemavu. Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Mwenye 600,000 hupata 420,000 kwa mwezi. Goti lisiporudi hali yake, daktari hufanya tathmini ya ulemavu na kuupa asilimia. Ukizidi asilimia 30 mfanyakazi hulipwa pensheni kila mwezi kulingana na asilimia hiyo. Ikiwa 30 au chini yake, hulipwa kwa mkupuo. Utengamao nao umo: mazoezi ya viungo, vifaa vya kutembelea, mafunzo ya kazi nyingine kwa asiyeweza kurudi kwenye ya zamani.

Magoti mengi huangukia upande wa mkupuo. Mtu aliyekatwa mguu, asilimia zake ziko kwenye jedwali la sheria, hazina ubishi. Goti lililobaki mahali pake lakini halikunji vizuri linategemea jicho la daktari: linakunja nyuzi ngapi, linayumba kiasi gani, misuli ya paja imesinyaa kiasi gani. WCF imekuwa ikiwafundisha madaktari wa mikoani namna ya kufanya tathmini hizo, na ni kazi inayostahili kuendelea, kwa kuwa asilimia 28 na asilimia 32 si tofauti ndogo kwa mtu wa miaka thelathini na tano ambaye hatabeba tena zege.

Siku saba

Kwenye karatasi utaratibu ni mfupi. Mfanyakazi anamjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri, akishajua, ana siku saba za kuutaarifu Mfuko. Madai yenyewe yafikishwe ndani ya miezi kumi na miwili. Sasa tazama yanavyokwenda saiti.

Fundi msaidizi anashuka ngazi na ndoo ya zege begani. Anakosea kidaraja, mguu unatangulia, goti linapinda kwa ndani, anasikia kitu kikilia "kwa!" Anakaa chini. Nyapara anamwambia, "Pole kijana, hebu kaa kivulini." Jioni anapewa siku yake na elfu ishirini ya dawa. Kesho yake hawezi kukanyaga, haendi; nafasi yake imechukuliwa na mwingine saa moja asubuhi. Siku ya tatu anakwenda zahanati. Nesi anamuuliza, "Unasumbuliwa na nini kaka?" Anajibu, "Goti." Linaandikwa: maumivu ya goti. Ngazi haikuandikwa, saiti haikuandikwa, Jumanne haikuandikwa. Baada ya miezi miwili ya kuchuliwa ndugu wanachanga, anapelekwa hospitali kubwa, kipimo kinaonesha gegedu imechanika na kano imekatika. Anakwenda kwa mkandarasi na majibu mkononi. Anaambiwa: "Wewe uliacha kazi mwenyewe. Tutajuaje kama hukuumia mpirani?"

Mkandarasi huyo huenda si mtu mbaya. Lakini elfu ishirini ile ilimfanyia kazi kubwa kuliko alivyofikiri: ilimaliza jambo kabla halijaandikwa. Huruma ya papo kwa papo ndiyo njia tuliyoizoea ya kumaliza mambo, na mfanyakazi aliyelelewa vizuri anaona aibu kudai baada ya kusaidiwa. Sitaki mtu aache kusema pole. Nataka pole iandikwe.

Mfanyakazi mwenyewe anaweza kufanya mengi kwa simu aliyonayo mfukoni. Ujumbe mfupi kwa msimamizi siku ileile, "Bosi, leo saa nne nimeteleza kwenye ngazi nikiwa na ndoo, goti limeumia, naenda zahanati", una tarehe na saa ambazo hazibishiwi. Ni taarifa, na ni ushahidi kwamba mwajiri alijua. Majina ya wawili walioona, hata kama ni vibarua wa siku moja, yaandikwe kabla hawajatawanyika. Na zahanati, sentensi ya kwanza isiwe "goti linauma", iwe "nimeumia goti kazini, nilikuwa nabeba zege kwenye ngazi, Jumanne." Mhudumu akiandika hivyo ameshajenga nusu ya madai. Karatasi ya ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika siku tatu, ambayo wengi huitupa wakisharudi kazini, ihifadhiwe pamoja na risiti za dawa.

Kuna suala la mshahara, nalo halizungumzwi vya kutosha. Fidia hukokotolewa kwa kipato. Kibarua anayelipwa mkononi hana hati ya mshahara, na wapo waajiri wanaotangaza mishahara midogo kuliko wanayolipa ili kupunguza michango. Siku ya ajali udogo ule unageuka kuwa udogo wa fidia. Anayelipwa kwa simu asifute ujumbe wa malipo, kwani unaonesha nani alimlipa, lini na kiasi gani.

Saa elfu kumi na tatu

Mpaka hapa nimezungumzia goti lililoumia siku moja. Kwa fundi vigae wa Goba hali ni ngumu zaidi, kwa sababu goti lake halikuumia siku yoyote.

Wenzetu walishalifikiria. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza, waliotambaa kwenye mapito yenye dari la chini, walikuwa na jina lao wenyewe kwa goti lililovimba kwa kazi, na serikali ililitambua kuwa ugonjwa wa kazi. Mwaka 2009 nchi hiyo ikaongeza kusagika kwa goti kwenye orodha ya magonjwa ya wachimbaji waliokaa chini ya ardhi miaka kumi au zaidi, na mwaka 2012 wakaingizwa mafundi wa mazulia na sakafu. Ujerumani, mwaka 2009 vilevile, iliweka kipimo cha saa: kusagika kwa goti kunahesabiwa kuwa ugonjwa wa kazi iwapo mtu amepiga magoti, au kukaa mkao unaofanana na huo, kwa jumla ya saa 13,000 katika maisha yake ya kazi, angalau saa moja kila zamu. Na Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika orodha yake ya magonjwa ya kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, limetaja wazi uvimbe wa mfuko wa maji ulio mbele ya kilegesambwa unaotokana na kupiga magoti muda mrefu, na uharibifu wa gegedu za goti unaotokana na kazi ya kupiga magoti au kuchuchumaa.

Hebu tuchukue kipimo cha Wajerumani tukilete Goba. Fundi anayepiga magoti saa tano kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki hamsini kwa mwaka, anakusanya saa 1,500. Miaka tisa haiishi kabla hajafika 13,000. Aliyeanza kazi akiwa na miaka ishirini anavuka mstari huo hajatimiza thelathini. Bado hajaoa, au ndiyo kwanza ana mtoto wa kwanza, na goti lake limeshafikia kiwango ambacho Ujerumani inakubali kulitazama kama la mgonjwa wa kazi.

Sheria yetu inayatambua magonjwa yatokanayo na kazi sambamba na ajali. Kinachokosekana ni mtu wa kuzihesabu hizo saa. Fundi vigae hakai kwa mwajiri mmoja. Leo yuko kwa mkandarasi wa Kibada, mwezi ujao yuko kwa mwenye nyumba wa Tegeta aliyemwajiri mwenyewe. Goti moja, waajiri arobaini. Kila mmoja atasema, na kwa haki, kwamba halikuharibikia kwake. Nadhani hapa ndipo vyama vya mafundi vingefaa kuliko mahali pengine popote, kwa kutunza daftari la kazi la kila mwanachama: wapi, lini, siku ngapi, kazi gani. Daftari hilo lingemsaidia hata asiye na mwajiri wa kudumu kumweleza daktari historia yake kwa tarehe.

Kwa walioajiriwa kampuni kubwa kuna mlango mwingine ambao umefungwa nusu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Vipimo vinavyojulikana zaidi ni vya mapafu, masikio na macho, navyo ni vya lazima penye vumbi na kelele. Magoti yangechukua dakika chache tu: daktari akayakunja, akayakunjua, akayasukuma kuona kama yanayumba, akamwambia mtu achuchumae na kusimama, akaandika. Karatasi hiyo ya siku ya kwanza ingemlinda mwajiri dhidi ya goti lililokuja limeharibika, na ingemlinda mfanyakazi dhidi ya yule atakayemwambia miaka sita baadaye, "Wewe ulikuja na goti lako." Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa gharama zake. Tumefika mahali kofia ngumu na buti vinaonekana saiti. Kikinga goti bado kinaonekana kama anasa ya fundi mwenye pesa.

Mzigo wa lumbesa

Siwezi kuacha magoti ya Kariakoo, Tandale na Mabibo. Kila msimu tunasikia vita dhidi ya lumbesa, yale magunia yanayoongezwa kilemba juu mpaka yanapita kipimo. Wakala wa Vipimo hupambana nayo, na hoja inayotajwa ni ya mkulima anayepunjwa. Ni hoja ya kweli. Lakini lumbesa haiendi sokoni yenyewe. Mtu anaibeba mgongoni, anapanda nayo ubao mwembamba uliolazwa kutoka chini hadi kwenye bodi la lori, anageuka na kuitupa. Huko kugeuka, goti likiwa limekunjwa na mguu umekaza, ndiko kunakochana gegedu. ILO, katika pendekezo lake la mwaka 1967, iliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima peke yake. Gunia halali la kilo 100 limeshakaribia mara mbili ya hapo kabla ya kilemba. Ningependa siku moja kumsikia kiongozi anayekemea lumbesa akimtaja na aliyeibeba.

Kuli huyo, mara nyingi, hana mwajiri anayejulikana. Mwenye mzigo anamlipa kwa gunia, mwenye lori hamjui, uongozi wa soko unamtambua kwa namba ya fulana. Mirerani nako, wanaapolo wanaotambaa kwa magoti kwenye mashimo ya Tanzanite wamezoea kulishwa na mwenye mgodi na kusubiri mgawo jiwe likitoka. Je, huyo ni mfanyakazi au mbia? Siku jiwe linapotoka anaambiwa ni mbia mdogo. Siku goti linapovunjika anaambiwa ni mbia kamili, ajitibu. Mfuko uliojengwa juu ya asilimia ya mishahara hauna pa kumshika mtu asiye na mshahara, na watu wa namna hii ndio wenye magoti yaliyochoka kuliko wote. Bila mpango wa kuwachangia kwa mzigo wanaobeba au kwa shimo wanaloingia, maneno mengi tunayosema juu ya fidia hayawafikii.

Wakenya wamepita njia nyingine. Sheria yao ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, WIBA, inamtaka mwajiri akate bima, na madai yanapelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mabishano juu ya kama mfanyakazi anaweza kwenda moja kwa moja mahakamani yalidumu zaidi ya muongo, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2019 kwamba sheria hiyo ni halali na mlango wa kwanza ni wa Mkurugenzi. Mwenye ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96, kulingana na asilimia yake. Fundi wa Mombasa na fundi wa Dar wana tofauti ya ofisi. Swali la kwanza watakaloulizwa ni lilelile: uliumia lini, na nani aliambiwa?

Anayekataliwa na Mfuko huku kwetu hajafika mwisho. Uamuzi unaweza kupingwa na kupitiwa upya, na safari ikihitaji inafika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Dai la goti linaweza kukataliwa kwa kukosa uhusiano kati ya jeraha na kazi, si kwa kukosa jeraha. Kwa hiyo anayekata rufaa asirudi na picha nyingine ya MRI inayoonesha kile ambacho hakuna aliyekibisha. Arudi na ripoti ya daktari inayoeleza kazi: alikuwa anafanya nini, kwa mkao gani, kwa miaka mingapi, na kwa nini mkao huo huharibu gegedu.

Na fundi vigae ambaye goti lake limeshakwama, aliyeambiwa na wote kwamba ni baridi yabisi, naye ana pa kuanzia. Kwa ugonjwa wa kazi, miezi kumi na miwili huhesabiwa tangu ugonjwa ulipogunduliwa, haihesabiwi tangu siku alipopigia magoti kigae cha kwanza. Kama bado ameajiriwa, au aliajiriwa karibuni, aende kwa daktari wa mifupa, na kabla hajapanda kitandani kupimwa amwambie kazi yake na miaka aliyoifanya. Akimaliza kupimwa aliombe faili, alisome mwenyewe au asomewe. Kama kazi yake haikuandikwa humo, aombe iandikwe kabla hajatoka chumbani.